Kurasa Tano na Mke wa Mtalaka Wangu

Yule mwanamke aliingia siku ya pili ya darasa, nikiwa nimeshakaa, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuvaa kandambili zangu niondoke. Nilibaki kwa sababu moja tu: nikiondoka, atasema nimemkimbia.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, hapa Nachingwea mjini, karibu na parokia. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, Mkatoliki, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na sasa alikuwa anatufundisha sisi, watu wazima tusiozidi kumi na wawili, mara tatu kwa wiki baada ya alasiri. Wote tulikuwa tumesikia habari ile ile. Kambi ya mgodi kule Ruangwa ilikuwa inatafuta wanawake wa kufua, kutandika vitanda na kuhudumia mezani, na safari hii walitaka wanaojua Kiingereza cha kusoma maelekezo na kumjibu mgeni.

Kiingereza changu mimi kilikuwa cha shule ya kata. Nilikuwa naweza kutaja nyakati za vitenzi kama mtu anayesoma dua asiyoielewa, lakini ukinipa ukurasa mmoja nisome, nilikuwa naona maneno yamesimama tu pale, kila moja na lake.

Sasa niseme yule mwanamke alikuwa nani. Niliolewa Chiola nikakaa na mume miaka saba. Mume wangu alikuwa ananunua ufuta na korosho vijijini, na msimu ukifika alikuwa anapotelea Ruangwa wiki nzima, wakati mwingine mbili. Siku moja alirudi kutoka Chinongwe, huko huko Ruangwa, na mwanamke nyuma ya pikipiki, na begi la mwanamke huyo limefungwa juu ya tangi la mafuta. Nilikuwa napepeta mchele. Akaniambia, "Huyu ni mdogo wako. Muonyeshe chumba." Hakuwa ameniuliza, hakuwa ameniambia, hata kwa simu. Nilimaliza kupepeta, nikapika, wakala. Wiki ya tatu nilidai talaka yangu nikarudi kwa mama yangu Nachingwea. Baada ya mwaka mmoja, na wao wakahamia mjini. Nikawa nakutana nao sokoni, mimi nachagua nyanya upande huu, wao upande ule.

Huyo ndiye aliyeingia banda la mwalimu na daftari jipya mkononi.

Mwalimu aligawa hadithi. Ilikuwa kurasa tano za fotokopi zilizobanwa kwa pini, herufi zake zimefifia pembeni. Alisema hatutakuwa na kitabu kingine. "Hadithi moja, miezi mitatu. Mtaijua hadithi hii kuliko mnavyojua nyumba zenu." Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo kila nakala ilikuwa ya watu wawili. Waliotangulia walikuwa wameshashikana wawili wawili. Tulibaki mimi na yeye.

"Ninyi wawili, karatasi moja," mwalimu alisema.

"Mwalimu, na huyu siwezi," nilisema.

"Huwezi nini? Kusoma?"

"Kukaa naye."

"Sijakuita uje kukaa naye. Nimekuita usome."

Watu wakacheka. Yule mwanamke alisogea kwenye benchi langu, akaacha nafasi ya kukaa mtu mwingine katikati yetu, akasema kwa sauti ya upole wa uongo, "Shikamoo, dada mkubwa." Alikuwa ananizidi urefu, na umri tulikuwa tumepishana miaka minne tu. Sikuitikia.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya bibi mmoja mfuga kuku na jirani yake mwenye mbwa. Mbwa anakula kuku wa bibi, jirani anakana. Ni hayo tu. Ukiisimulia kwa Kiswahili inaisha kabla chai haijapoa. Lakini ilikuwa imejaa misemo ya Kiingereza, ile ambayo kila neno unalijua peke yake na yakikaa pamoja hujui lolote.

Mwalimu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kufungua kamusi wala simu mpaka umesoma sentensi iliyotangulia na inayofuata, ukajaribu kukisia. "Neno halijielezi lenyewe," alikuwa anasema. "Waulize majirani zake." Ya pili, kila wawili watoe jibu moja. Wasipokubaliana, wasimame wote wawili mpaka wakubaliane.

Mimi na yule mwanamke tulisimama sana miezi ile.

Msemo wa kwanza ulikuwa mapema kabisa, ukurasa wa kwanza. Mbwa amekula kuku mmoja, na bibi, hadithi ilisema, "turned a blind eye". Mimi nilisema bibi alikuwa na jicho moja bovu. Yeye alisema mwenye jicho bovu ni mbwa. Tukasimama. Nikamwambia mwenye jicho bovu ni yeye. Akaniambia afadhali jicho kuliko moyo. Mwalimu alituacha tumesimama huku wengine wanaendelea, kisha akatuuliza, "Sentensi inayofuata bibi anafanya nini?" Nikaisoma. Bibi anazoa manyoya, anayafukia, anaingia ndani kupika uji, hamwambii mtu. "Mtu mwenye jicho bovu ndivyo anavyofanya?" Hapo nikaona. Bibi aliona vizuri sana, ila alijifanya hajaona. Nilitaka kusema, lakini yule mwanamke akawahi, "Alifumbia macho, mwalimu." Akaketi haraka, kana kwamba jibu lilikuwa lake tangu asubuhi.

Nilimchukia siku ile kuliko siku aliyoshuka kwenye pikipiki.

Tulipofika ukurasa wa pili, kuku watatu walikuwa wameshaliwa, na bibi akampa jirani "the cold shoulder". Nilitafuta majirani wa neno, kama tulivyofundishwa. Sentensi iliyotangulia ilitaja chakula cha mchana. Nikainua mkono nikasema bibi alimpa jirani nyama ya bega iliyopoa, kiporo. Darasa zima lilikufa kwa kicheko, hata mwalimu alishika kiuno. Yule mwanamke hakucheka. Alisubiri kimya kipatikane, akasema, "Mwalimu, bibi alimnunia. Anapita hamsalimii. Anakaa naye karibu lakini anamgeuzia bega." Akageuka akaniangalia. "Kama dada mkubwa hapa."

Hakuna aliyecheka. Karibu kila mtu mle ndani alikuwa anajua habari zetu, Nachingwea si mji mkubwa. Niliangalia chini, nikaona bega langu kweli limemgeukia yeye, na nikaliacha lilivyo.

Fotokopi tulikuwa tunapokezana, leo kwangu, kesho kwake. Alikuwa ananipa bila neno, ananyoosha mkono huku anaangalia pengine. Nilikuwa naipokea kwa vidole viwili. Pembeni ya kila msemo tulikuwa tunaandika maana kwa penseli, na maandishi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Hilo nalo liliniudhi.

Mwezi wa pili alifiwa na bibi yake mzaa mama, akaenda Chinongwe. Alikosa wiki nzima. Karatasi ikabaki kwangu, na wiki ile tulisoma ukurasa wa nne, wenye misemo mingi kuliko yote. Aliporudi, mwalimu aliniambia niandike maana zote pembeni ili mwenzangu azipate. Nikasema sawa.

Nilikaa uani kwa mama na penseli. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa nimetulia kabisa. Pale ambapo jirani amebainika kuwa mwongo na hadithi inasema yuko "in hot water", yaani yumo taabani, mimi niliandika: anaoga maji ya moto, anastarehe. Pale bibi anaposema hawezi tena "to put up with" yule mbwa, hawezi kumvumilia, mimi niliandika: kumpa mgeni mahali pa kulala. Nilifanya hivyo kwa misemo mitano. Nilijua usaili wa kazi ya Ruangwa hauko mbali. Nilijua pia kwamba ametoka kuzika. Vyote viwili nilivijua, na nikaandika.

Mama yangu hasomi Kiingereza, na Kiswahili chenyewe anakichanganya na Kimwera, lakini aliniona ninavyotabasamu peke yangu. Akaniuliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Ni kazi ya shule, mama."

Siku mbili baadaye yule mwanamke alinyoosha mkono kabla mwalimu hajasema neno.

"Mwalimu, ukurasa wa nne sielewi. Jirani ameumbuka mbele ya watu. Mke wake mwenyewe ametoa siri. Watu wamejaa uani wanamzomea. Halafu anaingia kuoga maji ya moto? Na hapa bibi hawezi kumpa mbwa mahali pa kulala, lini mbwa aliomba kulala kwa bibi? Nimeuliza majirani wote wa haya maneno. Wamekataa."

Mwalimu aliichukua karatasi akaisoma pembeni, taratibu, akateremka mpaka chini. Kisha akanipa mimi.

"Simama. Soma ukurasa wote kwa Kiswahili. Kila penye msemo, soma ulivyoandika."

Nikasoma. Nilisoma jirani anazomewa akaenda kuoga, nikasoma mbwa na mahali pake pa kulala, na kila nilipofika kwenye uongo wangu hadithi ilikuwa inaanguka chini, kila mtu anaisikia ikianguka. Mwanzoni walicheka. Baadaye waliacha.

"Umeelewa misemo yote?" mwalimu aliniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Najua. Asiyeelewa hawezi kuikosea hivi." Akarudi kwenye kiti chake. "Utaifuta yote na kuiandika upya, hapa hapa, tukikuangalia."

Nilifuta, nikaandika. Yule mwanamke alikuwa amekaa kando yangu, na niliposimamisha penseli kidogo alisema chini chini, "Nimetoka kumzika bibi yangu, na wewe unanifanyia hivi." Sikumwomba radhi. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimwomba, lakini sikumwomba.

Wiki moja baadaye mume wake alikuja.

Tulikuwa kwenye ukurasa wa tano. Tulisikia pikipiki inazimwa nje, kisha akasimama mlangoni, bila hodi. Alimtafuta mke wake kwa macho, akamkuta ameketi na mimi, tumeinamia karatasi moja. Sidhani kama alikuwa anajua. Uso wake ulibadilika.

"Kumbe ndiye mwalimu wako huyu," alisema.

"Mwalimu ni mimi," mwalimu alisema. "Na hapa watu wanabisha hodi."

Yeye alimwambia mke wake, "Inuka. Nilikukataza hayo mambo ya Ruangwa. Mke wangu hafui shuka za wanaume kambini."

"Nikimaliza kipindi nitakuja," alisema yule mwanamke.

"Nimesema inuka." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umeshindwa kukaa kwenye ndoa, sasa unataka kumvunjia mwenzako. Ni wewe umemtia maneno."

"Mimi na mke wako hatusemeshani," nilimwambia. "Muulize."

"Kweli," alisema mke wake. "Hatusemeshani."

Nadhani hilo ndilo lililompandisha hasira, sisi wawili kukubaliana mbele yake. Alinyakua karatasi mezani akaichana, mara moja, mara mbili, mara tatu, akavitupa vipande mlangoni. Mwalimu aliinuka na fimbo yake ya kutembelea. Hakumpiga, lakini aliielekeza kifuani kwake mpaka akarudi nyuma, nje, hadi kwenye pikipiki yake. Alipoondoka vumbi liliingia mpaka ndani ya banda. Mke wake hakuinuka.

Niliokota vipande. Vingine vilikuwa vimekanyagwa, na ukurasa wa pili na wa tatu hazikuwa za kuunganika tena. Mwalimu alivitazama, akasema yeye hana nakala nyingine ya kutupatia, na wenzetu wanahitaji zao. "Miezi miwili na nusu mmekaa na hadithi hii. Iandikeni."

"Kwa kichwa?" niliuliza.

"Kwani mlikuwa mnaisoma kwa nini?"

Ikatuchukua vipindi vitatu. Tulikaa pembeni na daftari lake jipya, mimi nataja, yeye anaandika, kwa sababu ya yale maandishi yake. Hatukuwahi kugombana kama siku zile, na tulikuwa tunagombania vitu ambavyo zamani nisingeviona. Mimi nilisema kuku wa kwanza aliitwa "a hen", wa pili "the hen". Yeye alisema hapana, yule wa pili ni kuku mwingine kabisa, kwa hiyo naye ni "a hen". Tulibishana hapo nusu saa. Nilimwita mbishi, akaniita mchawi. Lakini katika kubisha nilielewa kwa nini Waingereza wanahitaji hayo maneno mawili madogo. Hakuna mwalimu wa shule ya kata aliyewahi kunielewesha.

Kuna sentensi moja ilitupotea. Mke wa jirani ndiye aliyetoa siri, "let the cat out of the bag", hilo tulilikumbuka wote, maana mwanzoni tulikuwa tumemtafuta huyo paka ukurasa mzima. Lakini kabla ya hapo alisema nini? Tulifunga macho wote wawili. Nikakumbuka harufu: alikuwa anakaanga kitu. Yeye akakumbuka kwamba alikuwa amempa mume mgongo. Tukaunganisha. Mke wa jirani alikuwa jikoni, hakugeuka, akasema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba asubuhi alikuta manyoya kwenye mdomo wa mbwa.

"Kwa nini alisema?" niliuliza. Sikujua kama namuuliza yeye au najiuliza mwenyewe.

Yule mwanamke aliendelea kuandika. "Alichoka," alisema. Kisha, bila kuinua uso, "Mimi sikujua kama ana mke. Aliniambia mliachana zamani. Nilijua siku ile ile, nilipokuona na ungo."

"Ukakaa," nilimwambia.

"Ningerudi vipi? Begi langu lilikuwa limeshafunguliwa."

"Ukakaa," nilirudia. Nilikuwa nimemchukia miaka miwili kwa jambo moja, na sasa jambo lenyewe lilikuwa limebadilika kidogo, na sikutaka libadilike. Nikamtajia sentensi inayofuata kwa ukali, akaiandika.

Mwalimu alilinganisha kazi yetu na nakala yake. Tulikuwa tumekosea maneno machache sana, nadhani hayakufika ishirini. Alikohoa akasema, "Haya." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuipata kwake.

Ruangwa tulikwenda na basi moja, yeye viti vya mbele, mimi vya nyuma. Kwenye usaili tuliitwa mmoja mmoja. Niliingia mimi kwanza. Kulikuwa na mwanamke Mtanzania na mwanamume mgeni. Nilisoma maelekezo ya dobi vizuri kabisa. Kisha yule mgeni aliniuliza ningefanya nini mfanyakazi mwenzangu akikosea na lawama ikaniangukia mimi. Kiingereza nilikielewa chote. Nilijibu kwa Kiingereza safi kwamba ningehakikisha kila mtu anajua ni kosa la nani. Yule Mtanzania aliandika kitu, akamwangalia mwenzake.

Sijui mke wa mtalaka wangu aliulizwa nini. Alikaa humo muda mrefu kuliko mimi, na nilisikia wanacheka, watatu wote. Siku kumi baadaye walimpigia simu. Mimi hawakunipigia.

Nililia, na nilimlaani, na nilimlaani bibi wa hadithi na kuku wake. Baada ya muda nikapata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Nachingwea, ambako watu wa migodi hulala wakipita, na Kiingereza changu ndicho kilichonipa nafasi ile. Yeye yuko kambini. Akija likizo tunakutana sokoni. Tunasalimiana sasa, salamu fupi, za watu waliowahi kufanya kazi pamoja na hawakupendana. Namwona amenenepa kidogo. Anavaa viatu vya kambini, vya kufunika vidole, hata siku ya Jumapili.

Mwezi wa pili tangu mke wake aondoke, mtalaka wangu alikuja kwa mama. Alisimamisha pikipiki katikati ya njia ya kuingilia uani, akavua kofia. Alikuwa amekonda. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akauliza habari za shamba, kisha akaniambia nyumba imekuwa kubwa, hakuna wa kuwasha moto, na mambo ya nyuma yamepita.

"Mke wako yuko wapi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Hasikii. Kila nikipiga simu ananijibu maneno ya Kizungu." Akatikisa kichwa. "Mmeharibika ninyi wanawake. Lakini wewe nakujua, una moyo."

Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho. Nyuma ya pikipiki, mwuza maji alikuwa amefika na mkokoteni wake wa madumu na hakuwa na pa kupita.

"Toa pikipiki," nilimwambia. "Mtu wa maji anataka kuingia."

Alisubiri niseme kingine. Nilikwenda kumfungulia mwuza maji pipa.